Mhitimu, Masajili, Mwanarika: Jina la Aliyepita Chuoni na Habari Zake katika Vyuo Vikuu vya Meru na Embu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maneno ambayo Kiswahili hutumia kumtaja mtu aliyesoma chuoni akaondoka, na jinsi maneno hayo yanavyochangia kuamua ni habari zake zipi zitakazorudi chuoni na ni zipi zitakazopotelea njiani. Maneno yanayopimwa ni mhitimu, aliyefuzu, masajili na mwanachuoni. Neno jingine, rika, linaletwa kutoka katika maisha ya Wameru na Waembu. Inadaiwa humu kwamba habari za chuo, kama zinavyoandikwa aghalabu, zimefungwa ndani ya kiambishi -me-, na kwamba yule ambaye maisha yake yangali katika -ja- hana pa kuandikwa.

Utangulizi

Mnamo Desemba 1542, Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Yesu, alimwandikia mwenzake Peter Faber barua ya kumkumbusha namna ya kuandika barua. Alimtaka aandike barua kuu, yenye habari zinazoweza kuonyeshwa kwa mtu yeyote, aisome, airekebishe, kisha aiandike upya. Yale yasiyofaa macho ya kila mtu, kama vile maradhi, mashaka na migogoro, yawekwe katika karatasi ndogo za kando. Mwaka huohuo Francis Xavier alikuwa ametia nanga Malindi akielekea Goa, na barua zake kutoka Mashariki zilikuja kunakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono kule Ulaya. Ikumbukwe kwamba chuo cha kwanza cha Wajesuiti kwa ajili ya wanafunzi wa nje ya shirika, kile cha Messina, hakikufunguliwa hadi 1548. Kwa hiyo Wajesuiti walikuwa na habari za chuo kabla hawajawa na chuo chenyewe.

Mgawanyo huo wa barua kuu na karatasi ya kando ndio mlango wa makala haya. Anayesoma jarida au taarifa za chuo kikuu chochote leo anasoma barua kuu. Ameteuliwa fulani, ametunukiwa fulani, limefunguliwa jengo fulani. Karatasi ya kando haipo. Haikutupwa na mtu. Haikuandikwa tu.

Nchini Kenya Wajesuiti wana chuo cha Hekima jijini Nairobi, kilichoanza 1984 kikiwa shule ya teolojia. Jina lake ni la Kiswahili, ingawa jarida lake, Hekima Review, huandikwa kwa Kiingereza. Na hilo halikishangazi chama chochote cha wanafunzi wa Kiswahili, maana ni desturi ya vyuo vyetu karibu vyote kuvaa Kiswahili langoni na kukivua darasani. Meru na Embu hakuna chuo kikuu cha Wajesuiti. Hata hivyo, eneo hilo la mashariki ya Mlima Kenya limepata vyuo vikuu kwa kasi ambayo wazee wa huko wasingeiota. Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichotokana na kanisa ambalo wamisionari wake walifika Meru 1912, kilipata hati yake 2006. Chuo Kikuu cha Chuka, kilichoanza kama tawi la Egerton, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichopo Nchiru, vilipata hati 2013. Chuo Kikuu cha Embu, kilichosimama mahali pa chuo cha mafunzo ya maofisa wa kilimo, kilipata yake 2016. Katika muda wa miaka kumi hivi, barabara moja itokayo Embu, ikapita Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru na kuendelea kuelekea Maua, ilipata vyuo vikuu vinne kamili. Kila kimoja kimekwisha kutoa maelfu ya watu ambao si wanafunzi tena.

Watu hao waitweje?

Kuhitimu ni kufunga kitabu

Jibu la haraka ni wahitimu. Neno hili limekubalika kiasi kwamba ni vigumu kulitazama upya, lakini asili yake inafaa kukumbukwa. Kuhitimu kunatokana na Kiarabu chenye maana ya kutia muhuri, kufikisha mwisho. Katika mwambao, mtoto aliyehitimu ni yule aliyemaliza kuisoma Kurani yote mbele ya mwalimu wake. Chuo nacho, kabla hakijawa majengo yenye uzio na walinzi, kilikuwa kitabu, na kwenda chuoni kulikuwa kwenda mahali kitabu kinaposomwa. Aliyehitimu chuo, basi, alikifikisha kitabu ukurasa wa mwisho. Mzizi huohuo umetupa hitima, kisomo cha Kurani nzima anachosomewa marehemu. Na sisi waandishi wa insha na tasnifu tumeuchukua mzizi huo tukapata hitimisho.

Ni dhahiri kwamba hakuna msemaji wa Kiswahili anayewaza mauti anaposema binti yake amehitimu. Maana za maneno hazibaki zilikozaliwa. Pamoja na hayo, umbo la neno lina nguvu yake: kuhitimu ni kitenzi cha mwisho. Mhitimu ni mtu ambaye chuo kimekwisha kwake, na yeye amekwisha kwa chuo. Jambo hilo linalingana vema na siku ya mahafali. Mahafali yenyewe ni neno la Kiarabu la mikusanyiko, na siku hiyo kweli watu hukusanyika, magari hujaa barabarani toka alfajiri, mbuzi huchinjwa Kianjai na Ishiara, na picha hupigwa chini ya kila mti ulio na kivuli. Jioni mkusanyiko hutawanyika. Neno mhitimu halisemi lolote kuhusu kesho yake.

Kenya tuna jingine, kufuzu. Vyombo vya habari hulipenda: "wanafunzi elfu moja wamefuzu." Asili yake ni ushindi. Likitazamwa kwa makini, neno hili ni gumu zaidi kubeba kuliko kuhitimu, kwa kuwa mtu aweza kuhitimu akiwa maskini na bado amehitimu, lakini aliyefuzu akirudi nyumbani na cheti ndani ya bahasha ya kaki, akakaa miaka minne bila kazi, majirani huanza kuuliza alifuzu nini.

Walatini walitoka pembe nyingine kabisa. Neno lao alumnus, ambalo Kiingereza kimelirithi, linatokana na kitenzi cha kulisha na kulea. Alumnus ni mtoto wa kulea, aliyekulia mikononi mwa mwingine. Chuo chake ni mama mlezi. Katika neno hilo hakuna kumaliza wala kushinda, kuna udugu wa maziwa. Kwa Kiswahili tungeweza kusema mlelewa, nalo lingeeleweka. Lakini mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, mwenye watoto, hapendi kuitwa mlelewa wa ofisi ya msajili. Tafsiri ya moja kwa moja inaokoa maana na kupoteza heshima.

Daftari la masajili

Ndugu zetu wa Tanzania wana neno ambalo wanafunzi wengi wa Kenya hawalifahamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Baraza la Masajili, chombo kinachowakusanya waliosoma hapo. Masajili ni walioandikwa katika daftari. Ubora wake ni kwamba daftari halifungwi kama kitabu kinavyofungwa. Jina likishaingia limeingia. Neno hili halimwulizi mtu amefika wapi. Linasema tu kwamba alikuwapo na aliandikwa.

Udhaifu wake ni wa kisarufi, nao una mzaha ndani yake. Masajili ni wengi. Mmoja wao tumwite nani? Tukisema msajili, tumemtaja ofisa anayeshika kalamu, na hakuna mwanafunzi asiyejua umbali uliopo kati ya aliyeandikwa na anayeandika. Neno masajili, kwa hiyo, linafaa baraza na halifai mtu. Mtu mmoja akisimama kijijini kwao hawezi kusema yeye ni nani kwa kutumia neno hilo.

Liko neno la nne, la zamani kuliko yote haya, ambalo tunalo bure. Mwanachuoni, katika Kiswahili cha mwambao, hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mwanazuoni, mtu aliyebobea katika elimu ya dini, ambaye wengine humwendea na maswali. Yaani mtoto alihitimu akaondoka, lakini aliyeendelea na elimu hadi uzeeni ndiye aliyeitwa mwana wa chuoni. Jina la mwanafamilia walipewa waliobaki na dhima, na wapitaji hawakupewa. Kwa bahati mbaya, matumizi ya leo yameligawa neno hilo mara mbili: mwanachuo akawa mwanafunzi wa chuo, na mwanachuoni akabaki kwa mashehe. Kulirudisha kwa ajili ya kila aliyesoma Chuka au Embu kungekuwa kuwapa watu kilemba cha ukoka. Hata hivyo, inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kilikwisha kuwaza jambo hili: kwamba uhusiano wa mtu na chuo unaweza kuwa mkubwa zaidi baada ya kuhitimu kuliko kabla yake.

Vitenzi vya habari za chuo

Tukiyaacha majina tukatazama habari zenyewe, tunakutana na sarufi ya ajabu kidogo. Mwanafunzi wa isimu akichukua ukurasa wowote wa habari za waliosoma chuoni, uwe umebandikwa ubaoni au umesambazwa kwa simu katika kundi la waliosoma pamoja, na akapigia mstari vitenzi, ataona kwamba sehemu kubwa ni vya hali ya -me- na vingi viko katika kauli ya kutendwa au kutendewa. Ameteuliwa. Ametunukiwa. Amepandishwa cheo. Amechaguliwa. Amefunga ndoa. Ametutoka.

Kiambishi -me- hueleza tendo lililotimia ambalo matokeo yake yapo. Kinaifaa habari, maana habari ni matokeo. Lakini kwa kukitumia peke yake, habari za chuo zimeamua kwamba maisha ya aliyesoma ni mfululizo wa mambo yanayotimia. Hali ya hu-, ambayo ndiyo ya siku nyingi za mtu, haionekani: huamka saa kumi, hukamua ng'ombe, hufundisha watoto wa jirani kwa malipo ya viazi. Na -ja- haionekani kamwe. Hajaajiriwa. Hajaitwa. Hajarudisha mkopo. Hajachukua cheti kwa sababu hajamaliza salio la karo.

Hapa ndipo lilipo jambo zito kwa msomaji wa jarida hili, kwa kuwa wengi wanaosoma shahada ya ualimu wa Kiswahili wanakwenda kuishi ndani ya -ja-. Serikali ya Kenya iliacha kuwaajiri walimu moja kwa moja baada ya mafunzo mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu wakati huo mwalimu aliyehitimu hujisajili na Tume ya Huduma kwa Walimu, kisha husubiri nafasi itangazwe, na wengine husubiri miaka mingi. Katika kusubiri huko hufundisha kwa kuajiriwa na bodi ya shule kwa ujira mdogo, au hurudi nyumbani kwenye kahawa na chai, au Igembe kwenye miraa, au Mbeere kwenye muguka. Hawa si wachache wala si wavivu. Ila hawana kitenzi cha kuandikia barua. Mtu hawezi kuitumia idara yake habari isemayo "sijapata," kwa kuwa ukurasa haujatengwa kwa habari za namna hiyo. Basi hunyamaza. Kimya chake huhesabiwa kuwa kutojali chuo, na kikao kinachofuata hulalamika kwamba waliosoma hapa hawana moyo wa kurudi.

Chombo ambacho hakijamsahau, kwa haki, ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Tangu ilipoundwa kwa sheria ya 1995, bodi hiyo imekuwa na daftari la waliosoma lililo bora kuliko la idara yoyote ya Kiswahili.

Valencia, 1973

Wajesuiti walikutana na swali hili kwa namna iliyowaumiza. Tarehe 31 Julai 1973, Pedro Arrupe, mkuu wa shirika lao wakati huo, alisimama Valencia, Hispania, mbele ya mkutano wa watu waliosoma katika vyuo na shule za Wajesuiti barani Ulaya. Wengi wao walikuwa watu wenye nafasi. Walitarajia pongezi, kama kawaida ya mikutano hiyo. Arrupe aliwauliza kama shule za shirika lake ziliwafundisha haki, akajibu mwenyewe kwamba, kwa kweli, hazikuwafundisha vya kutosha. Kisha akasema lengo la elimu yao ni kuunda watu wanaoishi kwa ajili ya wengine. Baadhi ya waliomsikia walikasirika.

Cha kuzingatia kwetu ni jinsi Arrupe alivyogeuza upande wa ripoti. Badala ya waliosoma kuleta habari za mafanikio kwa mama mlezi, mlezi alileta hesabu ya upungufu wake kwa waliosoma. Kwa lugha ya Ignatius, alichukua karatasi ya kando akaisoma hadharani mbele ya barua kuu. Tangu siku hiyo usemi wa kuwa mtu kwa ajili ya wengine umeenea katika shule na vyuo vya Wajesuiti duniani kote, hata umekaribia kuwa pambo la ukutani. Ni kawaida ya maneno mazuri kuishia ukutani. Lakini siku yaliposemwa mara ya kwanza yalikuwa na aibu ndani yake, na aibu hiyo ilikuwa ya chuo.

Hatudai kwamba vyuo vya Meru na Embu viige Valencia. Havina mabepari wa Ulaya wa kuwakemea. Vina vijana wa Tigania, Tharaka na Gachoka ambao wazazi wao waliuza ng'ombe na kupunguza shamba ili walipe karo. Hesabu ya upungufu kwao ingekuwa nyingine: je, idara iliwaambia mapema hali ya ajira ya walimu ilivyo? Je, iliwafundisha kutafsiri, kuhariri, kutangaza, kuandika, au iliwatayarisha kwa mwajiri mmoja tu ambaye milango yake hufunguka mara moja baada ya kipindi kirefu?

Rika la Nchiru

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimejengwa Nchiru, kwenye ardhi iliyotolewa na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru ambalo makao yake yako hapohapo Nchiru. Kwa hiyo kijana anayesomea kompyuta pale anasomea jirani na taasisi iliyokuwa ikijibu swali la makala haya kwa karne kadhaa. Swali hilo ni hili: watu waliopita pamoja katika mafunzo, wakatoka siku moja, wanadaiana nini maisha yao yote?

Jibu la Wameru lilikuwa nthuki, rika. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja walipewa jina la pamoja, na majina hayo, kama Michubu, Ratanya, Miriti, Guantai na Gichunge, yalirudi tena baada ya vizazi. Kikuyu na jirani zake husema riika, na Kiswahili kina rika, na pia hirimu, ambalo wanafunzi wengi hulikuta kwenye kamusi tu. Kutoka jandoni hakukuwa mwisho wa jambo. Kulikuwa mwanzo wa deni. Wanarika walisaidiana kazi, walikaribishana majumbani, walimwadhibu wao wenyewe mwenzao aliyevunja heshima, na walipanda pamoja kutoka ujana wa vita hadi uzee wa baraza. Aliyechelewa kuoa hakutolewa katika rika kwa sababu hajaoa. Rika lilikuwa na nafasi ya -ja-.

Tofauti yake na mhitimu, basi, ni ya msingi. Mhitimu ni sifa ya mtu na karatasi yake. Mwanarika hawezi kuwapo peke yake. Ni neno la uhusiano, kama ndugu au jirani. Anayesema "mimi ni mhitimu wa Chuka" ametaja cheti. Anayesema "sisi ni rika la 2015" amewataja watu, na mara moja msikilizaji anaweza kuuliza: wenzako wako wapi?

Lakini rika si neno lisilo na doa, na ingekuwa udanganyifu kulileta darasani likiwa limesafishwa. Lilijengwa juu ya tohara, na kwa wanawake historia hiyo ina machungu. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana huko Meru, chini ya shinikizo la serikali ya kikoloni. Wasichana wengi, kama alivyoonyesha mwanahistoria Lynn Thomas, waliikaidi amri hiyo wakakeketana wenyewe kwa wenyewe, na wakaitwa Ngaitana. Walikuwa wakilipigania rika lao, kwa njia iliyowadhuru. Idara za Kiswahili zimejaa wanafunzi wa kike. Neno linalowakumbusha baadhi yao mlango ambao dada na nyanya zao waliumizwa ili waupite haliwezi kupendekezwa kwa wepesi. Isitoshe, wanafunzi wa vyuo hivi hawatoki mlimani pekee. Wapo wa Turkana, Kisii, Kilifi na Mandera, ambao kwao rika lina sura nyingine au halina sura yoyote.

Msimamo wa makala haya ni kwamba doa hilo halitoshi kulitupa neno. Kiswahili kimekwisha kulitoa rika katika jando. Vijana wa Mombasa husema "marika zangu" bila kumaanisha kisu. Neno likishahama hivyo laweza kubeba kile tunachokitaka, yaani deni la wenza, bila kubeba lile tusilolitaka. Masajili libaki kuwa jina la baraza, na mhitimu lihifadhiwe kwa siku ya mahafali, ambayo kweli ni yake. Kwa miaka arobaini inayofuata, rika linafaa zaidi.

Zoezi la kuandika

Kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida hili ni wanafunzi wanaofundishwa kuandika kumbukumbu, matangazo na ripoti, ni vema hoja iliyotolewa ijaribiwe kwenye karatasi. Mifano miwili ifuatayo ni ya kubuni. Wa kwanza unafuata desturi:

"Idara ya Kiswahili inawapongeza wahitimu wake. Mmoja wao ameteuliwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu. Mwingine ametunukiwa ufadhili wa masomo ya uzamili. Wa tatu amechapisha diwani yake ya kwanza. Idara inawatakia heri wote."

Wa pili unaandikwa kwa neno rika:

"Rika lililotoka idarani mwaka juzi lilikuwa na watu thelathini na wanne. Idara imepata habari za kumi na mmoja. Watano wanafundisha, na kati yao watatu wameajiriwa na bodi za shule. Mmoja ameteuliwa naibu wa mwalimu mkuu. Mmoja anasomea uzamili kwa ufadhili. Wawili wanatafsiri matangazo ya redio. Mmoja huchuma chai Runyenjes asubuhi na husahihisha insha za watahiniwa jioni. Hajaajiriwa, na ameomba kutajwa bila jina. Mmoja amefariki, mazishi yalifanyika kwao Nkubu. Ishirini na watatu hatujapata habari zao."

Mfano wa pili una kasoro. Ni mrefu, hauna shamrashamra, na mkuu wa idara anayetaka kuwavutia wanafunzi wapya huenda asiupende. Vilevile unazua suala la faragha, ambalo Ignatius alilijua alipotenga karatasi ya kando: si kila jambo la mtu ni la ubao wa matangazo. Ndiyo maana mchumaji chai hakutajwa jina, na ndiyo maana ridhaa yake imeandikwa ndani ya habari yenyewe badala ya kudhaniwa. Mwandishi wa habari za namna hii hana budi kuuliza kwanza, na kuuliza huko, kwa simu au kwa kufika nyumbani, tayari ni nusu ya kazi ambayo vyama vya waliosoma hudai kuwa vinaifanya.

Mwanafunzi apigie mstari vitenzi vya mfano wa pili. Ataona -me-, -na-, hu-, -li- na -ja-. Ataona pia kwamba -ja- imekuja mara mbili na haikumhusu mtu mmoja. Katika "hajaajiriwa" ni ya mchumaji chai. Katika sentensi ya mwisho si ya wale ishirini na watatu, kwa kuwa haikuandikwa kwamba hawajaleta habari zao. Imeandikwa "hatujapata", na nafsi iliyomo mle ndani ni idara.